Zulia la Kijani Ukingoni mwa Korongo

Nyumba ya Venance na Recho iko Goba, kwenye mteremko. Mbele ya nyumba kuna barabara ya vumbi. Nyuma ya nyumba kuna korongo. Katikati wamebanana wenyewe, na vitu vya harusi.

Vitu vya harusi ndiyo kazi yao. Venance na Recho hupamba kumbi. Wana vitambaa vya viti, maua ya plastiki, na mazulia ya kijani yanayofanana na nyasi. Jumamosi bwana harusi hutembea juu ya mazulia hayo kama mfalme. Jumapili Recho huyasugua kwa brashi mpaka mgongo unamuuma.

Zamani korongo lilikuwa mfereji tu. Mtoto angeweza kuuruka. Lakini kila masika mvua ilimega udongo, na mfereji ukawa korongo. Masika yaliyopita lilimeza jiko la nje pamoja na sufuria kubwa la pilau. Mpaka leo sufuria hilo halijaonekana. Sasa ukingo umesogea karibu na chumba cha nyuma. Humo analala Bi Yuliana, mama yake Venance, aliyekuja kutoka Masasi kuishi na mwanawe.

"Venance," Bi Yuliana alisema asubuhi moja, "mvua ikinyesha nasikia kitu kinaanguka huko nyuma. Puu!"

"Ni paka, mama."

"Paka wa kilo ngapi huyo?"

Venance alicheka. Bi Yuliana hakucheka.

"Nitalishughulikia, mama. Harusi ya Jumamosi ikipita."

Harusi ya Jumamosi ilipita. Ikaja nyingine.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa, mzee Kamugisha, aliita mkutano. Alimleta afisa wa mazingira, dada mmoja anayeitwa Eliaichi. Dada huyo alisimama mbele ya watu na kompyuta yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "katika zoezi hili tutatumia taswira za setilaiti za mikanda mingi ya mionzi, zenye ubainifu wa hali ya juu."

Watu walitikisa vichwa kama wameelewa. Hakuna aliyeelewa. Hata mzee Kamugisha alitikisa kichwa, naye ndiye aliyemwita.

Baadaye Eliaichi akasema jambo lililoeleweka. Mradi utajenga kuta za mawe ndani ya korongo. Lakini mawe peke yake hayatoshi. Bila mizizi ya nyasi nyuma yake, maji hupita pembeni na kuyaangusha. Kwa hiyo mradi utaanza na kaya ambazo ukingo wao una majani ya kutosha. Picha itapigwa kutoka angani kabla ya masika. Miche ya nyasi za vetiva iko ofisini, kila mtu achukue bure.

"Picha itapigwa lini?" Recho aliuliza.

"Siku yoyote isiyo na mawingu," Eliaichi alijibu.

Jibu hilo ndilo lililovuruga mtaa. Siku yoyote! Yaani inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa sasa hivi.

Njiani kurudi, kila mtu alikuwa na elimu yake. Jirani yao Twalib, fundi wa mafriji, alibeba miche yake begani na kusema, "Mie nimesikia hiyo mitambo inaona mpaka ulichopika."

"Kupitia bati?" Recho aliuliza.

"Bati ni nini, sista! Inaona mpaka mfukoni."

"Mfukoni mwako itaona nini, jirani?" Venance alisema. "Labda tundu."

Twalib alicheka, lakini Recho hakusikia tena utani. Alikuwa anafikiria bafu lao la nje. Bafu lile lina kuta nne, mlango wa bati, na juu halina kitu. Ni mbingu tupu.

Kesho yake Bi Yuliana alimwona mkwewe anaingia bafuni na ndoo mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili.

"Mwanangu, unaoga au unakwenda safari?"

"Mama, kuna watu juu."

Bi Yuliana aliinua macho. Aliona kunguru wawili. "Hao?"

"Siyo hao, mama. Juu zaidi."

Bi Yuliana akaingia ndani kuvaa kanga ya pili, kwa tahadhari tu.

Venance naye alikuwa na mawazo yake. Hakuchukua miche. Alisimama ukingoni, akaangalia udongo mwekundu uliokuwa na visiki vichache vya nyasi kavu. Akaangalia juu. Akaangalia stoo. Akatabasamu. Recho alilijua tabasamu lile. Lilishawahi kuwaletea hasara.

"Recho, wale wanaangalia kutoka angani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wanatafuta kijani?"

"Wanatafuta nyasi, Venance."

"Kutoka huko juu, kijani ni kijani. Lete mazulia."

"Si ungechukua tu miche kama wenzio?"

"Miche imekuwa kama ndevu za mvulana! Mtu wa angani ataona nini pale? Zulia limeshakua tayari."

Walitandika mazulia mteremko mzima wa nyuma. Waliyabana kwa mambo za turubai, vile vigingi vya kukazia hema, ili upepo usiyapeperushe. Walipomaliza, ukingo wa korongo ulipendeza kama ukumbi. Venance alirudi nyuma hatua chache, akafurahi kama mtu aliyepanda shamba.

Bi Yuliana alitoka chumbani kwake na kusimama.

"Nyasi hizi mnazimwagilia?"

"Hapana, mama."

"Mbona mbuzi wa Twalib kazinusa akaenda zake?"

Venance aliinama akakaza mambo moja.

Kwa kuwa hakuna aliyejua siku ya picha, mazulia yalikaa pale pale. Mawingu yalikuja, yakaondoka, yakarudi. Harusi mbili zilipambwa bila zulia. Kwa Twalib miche ilishika, ikarefuka, ikatoa majani mapya. Kwa Venance zulia halikurefuka hata kidogo.

Ndipo mzee Kamugisha akatangaza kuwa picha imefika.

Watu walijaa kwenye ofisi ya mtaa. Picha ilikuwa kubwa kama shuka, imebandikwa ukutani. Kila mtu alitafuta nyumba yake, na kila mtu alichanganyikiwa. Ulikuwa mtaa wao, na haukuwa mtaa wao. Barabara ilionekana. Paa zilionekana moja moja, mpaka tangi la maji la mzee Kamugisha lilionekana, duara dogo jeusi. Lakini miti ilikuwa myekundu! Miembe myekundu, migomba myekundu, kama mtaa mzima umeungua.

"Wamekosea rangi," mtu mmoja alisema.

"Au ni kiangazi cha huko angani," alisema mwingine.

Venance aliliona paa lake. Nyuma ya paa, kwenye ukingo, palikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Akatazama kwa Twalib. Ukingo wa Twalib ulikuwa na mistari myekundu.

Kila mkazi wa Dar anaijua rangi nyekundu. Nyumba ikichorwa X nyekundu ukutani, maana yake itavunjwa. Mwenye nyumba hiyo hali wala halali. Venance alimshika Twalib bega.

"Pole, jirani."

"Pole ya nini?"

"Tazama. Wamekuchora."

Twalib alitazama. Akaketi kwenye benchi. "Mbona mie nimepanda? Nimepanda yote! Mke wangu nitamwambia nini?"

"Usijali. Mafriji ya wateja utayaweka stoo kwangu."

"Na wewe?"

"Mie sijachorwa hata alama."

Venance alikuwa na huruma ya kweli, lakini furaha ilimzidi. Alikwenda dukani, akarudi na kreti la soda. Aliwagawia wote waliokuwa wamechorwa nyekundu, mmoja mmoja, kama anayewafariji wafiwa. Walikunywa kwa huzuni.

Eliaichi aliingia akawakuta hivyo. "Jamani, kuna nini?"

"Dada Eliaichi, tuambie ukweli," Twalib alisema. "Wanavunja lini?"

"Kuvunja nini?"

"Nyumba nyekundu."

Eliaichi aliangalia picha. Aliangalia chupa za soda. Polepole akaelewa, akajishika kichwa.

"Kosa hili ni langu. Siku ile nilizungumza nanyi kama niko chuoni. Sikilizeni. Nyekundu siyo mbaya. Kwenye picha hii, nyekundu ni uhai. Jani zima linatoa nyekundu kali. Kaka Twalib, ukingo wako ni mzuri sana. Ukuta wa mawe utaanzia kwako."

Twalib alisimama ghafla. "Mie?"

"Wewe."

"Na asiye na nyekundu?" Venance aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Eliaichi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha. "Hapa kwako kaka Venance pamenitatiza tangu jana. Naona mistatili. Ina pembe nne nne, imepangwa sambamba. Nyasi haioti na pembe. Samahani kuuliza, hapa palikuwa na harusi?"

Ofisi nzima ililipuka kwa kicheko. Twalib alicheka mpaka akarudi kuketi.

"Jirani," alisema akijifuta machozi, "pole. Ukihama, mazulia utayaweka stoo kwangu."

Venance hakucheka. Hakuwa anafikiria mazulia. Alikuwa anafikiria kitanda cha mama yake.

Alasiri ile Eliaichi alikwenda nyumbani kwao. Bi Yuliana alimkaribisha kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe unayekaa juu?"

"Hapana, bibi. Mimi nakaa Kibamba."

"Basi sielewi," Bi Yuliana alisema. "Zulia ni kijani. Nyasi ni kijani. Huyo wa juu kajuaje?"

"Nipeni rimoti ya televisheni," Eliaichi alisema.

Recho aliileta. Eliaichi alimpa Bi Yuliana, akamwonyesha taa ndogo iliyo mbele ya rimoti. "Bonyeza, bibi. Unaona mwanga?"

Bi Yuliana alibonyeza. "Sioni kitu. Imekufa?"

Eliaichi aliwasha kamera ya simu yake, akaielekeza kwenye rimoti. "Bonyeza tena, sasa tazama kwenye simu."

Kwenye kioo cha simu, taa ndogo iliwaka, nyeupe yenye zambarau. Bi Yuliana alitazama rimoti kwa macho yake: giza. Akatazama kwenye simu: mwanga. Rimoti. Simu. Alibonyeza mpaka Recho akaogopa betri zitaisha.

"Upo kila siku," Eliaichi alisema. "Sema macho yetu hayaupokei. Jua nalo hutoa mwanga wa namna hiyo. Jani hai huurudisha kwa wingi sana. Jani linaloumwa hurudisha kidogo, wakati mwingine hata kabla hujaliona kuwa njano. Plastiki haiurudishi kama jani. Setilaiti ina kamera ya kupokea mwanga huo pamoja na rangi za kawaida. Sisi hatuwezi kuuona, kwa hiyo kompyuta tunaiambia iuchore kwa nyekundu."

"Mbona nyekundu?" Venance alilalamika. "Rangi zote hizo!"

"Ni mazoea ya kazi. Nikija tena kwenye mitaa nitaanza na hilo."

Recho alikohoa. Alikuwa na swali lake la tangu mkutano.

"Dada, na mtu... akiwa, tuseme, anaoga?"

"Setilaiti haikai juu ya bafu, dada Recho. Inazunguka dunia kwa kasi. Ikipita hapa, mara nyingi ni kama saa nne hivi asubuhi, inapiga na kuondoka. Na iko mbali. Chukua barabara ya kutoka Dar mpaka Singida, isimamishe wima. Huko ndiko iliko."

Recho aliwaza barabara iliyosimama wima. Haikumwingia vizuri, lakini aliendelea kusikiliza.

"Picha inatengenezwa kwa nukta. Nukta moja ni kama urefu wa rula ya shule. Kwa hiyo paa linaonekana, gari linaonekana, zulia linaonekana. Lakini mtu ni nukta moja au mbili. Sura haionekani. Hata kama ni mtu au ni ndoo, siwezi kujua."

"Ndoo!" Recho alisema.

"Ndoo nzuri," Venance alisema.

"Nyamaza, bwana zulia."

"Na ndani ya nyumba?" Bi Yuliana aliuliza.

"Haioni, bibi. Bati linaizuia. Hata wingu linaizuia. Ndiyo maana tulisubiri sana."

Bi Yuliana alishusha pumzi. Kanga ya pili aliivua pale pale.

Kisha Eliaichi akafungua kompyuta. "Kuna kitu nimekuja nacho. Picha za zamani zinahifadhiwa. Hii ni ya miaka kadhaa iliyopita. Nyumba yenu hii hapa. Na ukingo wa korongo huu hapa."

Venance aliinama. "Mbona uko mbali hivyo?"

"Ndivyo ulivyokuwa. Tazama inayofuata. Na hii. Na ya mwaka huu."

Picha zilipita moja baada ya nyingine. Korongo lilitembea. Lilipita mahali palipokuwa na mpapai. Likapita jikoni. Kila masika lilisogea kama upana wa kitanda kimoja.

Kila mmoja alikuwa anapima kwa macho. Kutoka ukingoni mpaka ukuta wa chumba cha nyuma, paliingia vitanda vingapi? Havikuwa vingi.

"Kumbe siyo paka," Bi Yuliana alisema.

Venance alitoka nje. Alianza kung'oa mambo za mazulia. Chini ya zulia la kwanza alikuta jambo lililomshtua. Hata zile nyasi chache zilizokuwapo mwanzo zilikuwa zimekufa. Zilikosa jua. Udongo ulikuwa wazi kabisa, mlaini kama unga.

"Tumeufanya kuwa mbaya zaidi," alimwambia Recho.

"Umeufanya," Recho alisema. Kisha akainama, akashika upande wa pili wa zulia. "Haya, vuta."

Masika yalikuwa yamekaribia. Asubuhi Venance alikwenda ofisini kuchukua miche. Aliondoka na iliyobaki yote. Twalib alimwongeza mingine kutoka kwake, akaja kumwonyesha namna ya kupanda. Alikuja na maneno pia.

"Panda karibu karibu, jirani, ziwe kama meno. Na mstari ukatize mteremko. Usishuke nao, utayachorea maji barabara."

"Najua."

"Unajua? Mwenzetu wewe ulipanda kwa mambo za turubai."

Venance alikubali kutaniwa siku nzima. Eliaichi aliwaonyesha kosa lingine: maji ya mvua kutoka kwenye bati yalikuwa yakimwagika moja kwa moja korongoni. Wakafunga mfereji wa bati kuyapeleka kwenye tangi waliloliweka kando ya nyumba. Na kitanda cha Bi Yuliana kikahamishiwa sebuleni, kati ya televisheni na viti vya wageni.

"Mpaka lini?" Bi Yuliana aliuliza.

Venance hakujua. Kwa mara ya kwanza hakutaja harusi. "Sijui, mama."

Miche ilikuwa imeanza tu kutoa majani mapya mvua ilipoanza. Mawingu yalifunika Goba yote. Venance aliangalia juu kwa wasiwasi, akampigia simu Eliaichi.

"Dada, na mawingu haya, sasa hawatuoni!"

"Hawawaoni, kweli."

"Sasa itakuwaje?"

"Kaka Venance, nyasi zimepandwa kwa ajili ya udongo. Picha itasubiri."

Venance alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Alikuwa amesahau jambo hilo dogo. Tangu mkutano alihangaika kuonekana. Korongo lenyewe halikuhitaji kumwona ili limle.

Alasiri moja mvua ilimwagika kama mtu amepindua pipa. Familia nzima ilisimama dirishani sebuleni. Maji mekundu yalishuka mteremkoni. Yalifika kwenye mstari wa kwanza wa vetiva, yakasimama, yakatuama, yakapita polepole katikati ya majani na kuacha tope nyuma. Mstari wa pili ukafanya vilevile. Kisha wakasikia: puu!

Recho alimshika Venance mkono. Walitoka mbio kwenye mvua.

Kipande kilikuwa kimeanguka, upande mmoja, pale ambapo miche haikushika. Kilikuwa kipande kama sinia. Kwingine kote ukingo ulikuwa palepale. Venance alipiga magoti kwenye tope, akavuta mche mmoja kujaribu. Haukung'oka. Akauvuta tena kwa nguvu.

"Acha kuuvuta!" Recho alipiga kelele. "Ndiyo umeshika, unataka nini tena?"

Masika yaliisha. Mawingu yalifunguka na picha nyingine ikapigwa. Safari hii Eliaichi alipoileta ofisini, alianza kwa kusema, "Nyekundu ni jani hai." Mzee Kamugisha aliwarudishia watu maneno hayo kwa sauti, kama yeye ndiye aliyeyagundua. Nyuma ya paa la Venance palionekana mistari miwili, myembamba, bado imepauka kidogo. Lakini ilikuwa myekundu.

Mafundi walimaliza ukuta wa mawe kwa Twalib. Wakahamia kwa Venance. Walijaza mawe kwenye maboksi ya waya, wakayapanga kutoka chini ya korongo kupanda juu. Venance na Recho waliongeza mistari ya vetiva nyuma yake.

Siku ukuta ulipokamilika, Bi Yuliana alikwenda kuukagua mwenyewe. Alilipiga teke jiwe moja. Akatazama nyasi. Akapima kwa macho kutoka ukingoni mpaka ukutani kwake. Nafasi ilikuwa ileile ya kabla ya mvua.

"Mama, subiri masika mengine yapite ndiyo uwe na hakika," Venance alimwambia.

"Wewe subiri," Bi Yuliana alisema. "Mie nimechoka kulala na taarifa ya habari."

Akaingia sebuleni, akachukua mto wake kwapani, akaelekea chumba cha nyuma.